Boila imezeeka: itengenezwe au inunuliwe mpya? Anza na tangi

Kwenye boila ya maji moto ya nyumbani karibu kila kitu kinabadilishwa. Elementi (ile koili inayopasha maji) inabadilishwa, thamostati (inayokata umeme maji yakifika joto uliloweka) inabadilishwa, valvu, gasketi (mpira wa kuzibia maungio), waya, ile taa ndogo nyekundu, fimbo ya anodi, vyote hivyo ni spea tu na fundi anayejua kazi yake anavifunga siku hiyohiyo. Kitu kimoja ndo hakina spea, tangi la ndani. Kwahiyo mteja akitupigia akauliza "hii boila yangu ya zamani niitengeneze au ninunue nyingine", sisi swali la kwanza hatuulizi ina miaka mingapi wala ni ya kampuni gani, tunauliza inavuja? Na kama inavuja, maji yanatokea wapi? Jibu la hapo linaamua mengi sana.

Naandika haya kwasababu inaniuma kuona watu wanapata hasara ambayo haikuwa na lazima. Kuna yule ambaye boila yake ilikuwa nzima kabisa, imeungua elementi tu, mtu akamwambia hiyo imeshakufa nunua mpya, akaing'oa akaitupa. Afu kuna yule ambaye tangi limeshaoza, lakini kila baada ya muda anaita fundi, leo anabadilishiwa valvu, kesho gasketi, keshokutwa thamostati, hela inatoka kidogokidogo hadi ukizijumlisha zinakaribia bei ya boila mpya, na bado siku moja anarudi nyumbani anakuta dari limelowa. Wote wawili wangeanza kwa kuangalia tangi wasingefika huko.

Hapa nazungumzia zaidi boila ya umeme yenye tangi, ile ya kufunga ukutani au juu ya dari. Ya gesi ntaigusa mbele kidogo maana ina hatari zake za peke yake.

Tangi linakufaje

Matangi mengi ni ya chuma, na chuma kikikaa na maji moto sote tunajua kinachofuata ni kutu. Ndo maana kiwandani wanalipaka kwa ndani enameli, inachomwa kwenye tanuru mpaka inashikana na chuma inakuwa ngumu na laini, maji hayapiti. Shida ni kwamba enameli haijawahi kuwa kamilifu, kuna vitundu vidogo sana huwezi kuviona kwa macho, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa na kuzunguka tundu la elementi, na maji yakipenya hapo yakagusa chuma kutu inaanza kazi. Kuzuia hilo wanaweka humo ndani fimbo ya anodi, mara nyingi ya magnesiamu, nyingine za aluminiamu. Magnesiamu inaliwa upesi kuliko chuma, sasa zikiwa kwenye maji mamoja na zimeunganishwa, magnesiamu ndo inayoliwa kwanza na chuma kinabaki salama. Yani hiyo fimbo imewekwa ili ife yenyewe badala ya tangi. Ikiisha, kinachofuata kuliwa ni tangi.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, sio kwa uzembe, hawajaambiwa tu. Aliyewauzia hakusema, aliyewafungia hakusema, na kitabu cha maelekezo kilibaki kwenye boksi. Fimbo inatakiwa ikaguliwe kila mwaka mmoja au miwili, na kwa maji ya kawaida inaisha ndani ya miaka 3 hadi 5 hivi, maji yakiwa na chumvi nyingi inawahi zaidi. Ikiwa mpya ni fimbo iliyonyooka, ya kijivu, unene kama milimita 20. Tukifungua boila ambayo haijaguswa miaka mingi tunachotoa ni waya mwembamba wa katikati tu, umepinda, na vipande vyeupe vinavyomomonyoka vimeng'ang'ania huku na kule, na wakati mwingine hata huo waya haupo umebaki kisiki juu kwenye uzi wa boliti. Chini ya tangi kuna matope, meupe ya chokaa yamechanganyika na mekundu ya kutu. Ukipitisha kidole kuzunguka mdomo wa tundu unasikia enameli imeinuka, ina malengelenge, ukiligusa moja linabanduka na chini yake ni chuma cheusi kinachomeguka. Ukifika hapo hakuna mjadala, hata kama leo halijavuja litavuja, na mimi siwezi kumshauri mtu afunge elementi mpya kwenye tangi la namna hiyo.

Ukikuta fimbo imeliwa nusu, enameli bado inang'aa, matope ni ya chokaa tu hayana wekundu, hilo tangi lina maisha mbele yake hata kama lina miaka 10. Safisha, weka fimbo mpya, gasketi mpya, endelea kulitumia.

Kwahiyo umri peke yake unadanganya. Ni kweli boila ya umeme yenye tangi kwa kawaida inaishi miaka 10 hadi 15 na ya gesi yenye tangi 8 hadi 12, lakini nimeona ya miaka 6 imekwisha sababu fimbo haikuguswa hata siku moja na ya miaka 14 bado nzima kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anafuatilia. Kama hujui yako ni ya lini angalia lebo ya pembeni, kwenye namba ya mfululizo ya kiwanda (serial number) mara nyingi mwaka umo, wengine wanaandika wazi wengine ni tarakimu za mwanzo za mwaka na wiki, tutumie picha tukusomee.

Matangi ya chuma cha pua mengi hayana hiyo fimbo na yanadumu, lakini nayo adui yake ni maji yenye chumvi, yanatoboka kwenye mishono ya kuchomelea, na yakitoboka hadithi ni ileile.

Maji yanatokea wapi

Hii unaweza kuanza mwenyewe kabla hujaita mtu. Kwanza zima umeme wa boila kwenye breka, sio swichi ya ukutani tu, breka. Halafu kausha boila yote na kitambaa, mabomba, maungio, chini, kila mahali, subiri nusu saa kisha pitisha karatasi kavu ya kujifutia sehemu moja moja, karatasi ikilowa utaona hapohapo.

Ikilowa kwenye maungio ya bomba la maji baridi kuingia au la maji moto kutoka, hiyo ni kazi ndogo, ni tepu na kukaza au kubadilisha mpira. Ikilowa kwenye flenji, ile sahani ya chuma inayoshika elementi, mara nyingi ni gasketi imekakamaa, nayo ni kazi ndogo, ila tukiifungua tunaangalia tangi ndani kabla ya kufunga mpya.

Ikitoka kwenye valvu ya usalama hapo watu wengi wanaogopa bure. Maji yakipata moto yanatanuka. Tangi la lita 100 likitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 maji yake yanaongezeka karibu lita moja na nusu, na hiyo lita moja na nusu lazima iende mahali. Kama mfumo wako hauna tangi dogo la kupokea mtanuko basi valvu inadondosha kidogokidogo wakati boila inachemsha na inaacha maji yakishapoa. Hiyo ni valvu inafanya kazi yake. Ikidondosha muda wote hata maji yakiwa baridi, hapo presha ya maji ya bomba imezidi au kuna uchafu umekaa kwenye kiti cha valvu, inarekebishika.

Ila tafadhali sana, usizibe. Tumekuta zimezibwa na boliti, na kijiti, na mfuko wa plastiki uliofungwa mpira, sababu tu mtu kachoka na maji yanayodondoka sakafuni. Hiyo valvu ndo kinga ya mwisho. Thamostati ikikwama kwenye kuwaka maji yanaendelea kupata moto, na kwa kuwa yamefungiwa yana presha yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, sasa tangi likipasuka kwenye hali hiyo maji yanageuka mvuke mara moja na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji. Ukuta unaweza kwenda nao. Sisi tukikuta valvu imezibwa hatugusi kitu kingine chochote mpaka iwekwe mpya, hata kama mteja alituitia taa tu haiwaki. Kama maji yanakukera weka bomba dogo la kuyapeleka nje au kwenye shimo la bafu, bomba lielekee chini na mwisho wake ubaki wazi.

Sasa ikiwa umekagua yote hayo ni makavu na bado maji yanadondoka chini kwenye kifuniko au kwenye mshono wa bati la nje, hapo kuna uwezekano mkubwa tangi limetoboka. Nasema uwezekano kwasababu kati ya tangi na bati la nje kuna povu gumu la kuhifadhi joto, na maji yakivuja kwa juu yanaweza kusafiri ndani ya povu yakatokea chini kabisa. Kwahiyo fundi yeyote akikuambia tangi limekufa bila kufungua kifuniko mwambie afungue kwanza akuonyeshe. Ni haki yako. Na likithibitika limetoboka, usikubali kuchomelewa wala kupakwa gundi. Joto la kuchomelea linaharibu enameli pale pote kuzunguka, kwahiyo umeziba tundu moja umefungua mlango wa mengine, na hilo tangi bado linabeba presha na maji ya moto juu ya kichwa cha mtu anayeoga. Funga maji, zima umeme, tafuta mpya.

Kitu kingine, maji mekundu. Fungua koki ya baridi uangalie, afu ya moto. Kama yote mawili ni mekundu basi kutu iko kwenye mabomba au inatoka huko maji yanakotoka, boila haina kosa. Kama ni ya moto peke yake, fimbo imeisha na tangi limeshaanza. Na yakinuka kama yai viza upande wa moto tu, mara nyingi ni bakteria wanaoishi humo ndani wakisaidiwa na magnesiamu, hiyo haiui boila, tangi linasafishwa, linachemshwa vizuri na fimbo inabadilishwa kuwa ya aluminiamu au yenye zinki.

Yanayotisha lakini yanatengenezeka

Breka inaruka kila ukiwasha boila. Watu wakifika hapa wanasema imekufa, na kumbe mara nyingi ni elementi. Ndani ya bomba la elementi kuna waya unaopata moto umezungukwa na unga mweupe usiopitisha umeme, bomba likipata ufa hata mdogo maji yanaingia kwenye unga na umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye ethi, breka inaona inakata. Imekuokoa. Sasa kuna watu wanaondoa waya wa ethi ili breka isiruke, au wanaruka breka yenyewe wanaunganisha moja kwa moja, jamani, hapo unaoga na umeme. Ukisikia hata mtekenyo kidogo ukigusa koki au maji ya shawa toka, zima breka kuu, usirudi kuoga mpaka ipimwe.

Kupima elementi ni dakika chache na maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, umeme ukiwa umezimwa na waya zimetolewa. Kama umeme wa kwenu ni volti 230, elementi ya wati 2,000 inatakiwa isome karibu omu 26 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ya wati 1,500 karibu omu 35, ya wati 3,000 karibu omu 18. Isiposoma kitu kabisa imekatika ndani. Ikisoma sawa lakini kati ya mguu wake na mwili wa chuma napo inaonyesha kupitisha, inavuja. Kote kuwili ni elementi mpya, sio boila mpya. Nayataja haya ili fundi akija umwambie akupimie ukiangalia, fundi mzuri hakasiriki kwa hilo.

Kelele. Boila inanguruma, inagonga, inapiga kama mtu anamwaga kokoto. Hiyo ni chokaa. Maji magumu yakipata moto yanaachia chokaa, inakaa kwenye elementi na chini ya tangi, maji yaliyonaswa chini yake yanachemka kwa vipovu vinavyopasuka na ndo hiyo sauti. Inasafishwa, kwa mkono na kwa asidi nyepesi ya limau, na ukiambiwa kelele hiyo maana yake itapasuka sio kweli, ila ukiiacha elementi inafanya kazi ikiwa imefunikwa, inapata joto kupita kiasi na inaungua mapema.

Maji ya moto yanaisha haraka kuliko zamani. Kabla hujanunua kubwa zaidi, jua kwamba bomba la plastiki linalopeleka maji baridi ndani ya tangi likivunjika au likitoka mahali pake maji baridi yanachanganyika na ya moto karibu na pa kutokea, unapata vuguvugu tangi likiwa limejaa moto. Kwenye boila zenye elementi mbili mara nyingi ni ya chini imeungua, ya juu inapasha nusu tu. Na wakati mwingine ni matope yamejaa hadi tangi la lita 80 limebaki na nafasi ndogo. Yote hayo ni matengenezo.

Kuhusu "ya zamani inakula umeme"

Hapa ntasema kitu ambacho wauzaji wengi hawatakwambia, na sisi pia tunauza boila lakini ukweli ni ukweli. Elementi inageuza karibu umeme wote kuwa joto, iwe mpya iwe ya miaka 12. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji karibu yuniti 2.3 na hakuna boila ya elementi duniani itakayofanya kwa nusu ya hapo, fizikia haina ofa. Hata chokaa ikijaa, joto bado linaingia kwenye maji, linachelewa tu. Kwahiyo mtu akikuambia tupa hii ya umeme ununue nyingine ya umeme ya aina ileile bili itashuka nusu, muulize nusu hiyo inatoka wapi.

Panapotofautiana ni kwenye kuhifadhi. Tangi la lita 50 lililofunikwa vizuri linapoteza karibu yuniti moja kwa siku likikaa tu na moto wake, la zamani lenye povu jembamba au lililolowa linapoteza zaidi. Unaweza kulipima mwenyewe, weka mkono kwenye bati la nje, likiwa na joto la kusikika joto linatoka. Lakini kabla ya kulaumu boila angalia koki za maji moto zinazodondoka, tone moja kila sekunde ni karibu lita 20 kwa siku, na kuzipasha hizo ni karibu yuniti nzima inayoenda kwenye shimo kila siku ya Mungu. Mpira wa koki ni bei ya chini kuliko boila.

Ukitaka bili ishuke kweli unabadilisha aina, sio umri. Boila inayovuta joto kutoka kwenye hewa inatumia takribani theluthi ya umeme wa elementi kwa maji yaleyale, na ya jua ikifungwa mahali pazuri inaokoa sana. Ila zinahitaji nafasi na gharama ya kufunga ni kubwa, kwahiyo ni uamuzi wa mtu ambaye tangi lake limekufa kweli na anaenda kutoa hela hata hivyo.

Na tafadhali usishushe thamostati hadi nyuzi 40 ukidhani unabana matumizi. Bakteria wa Legionella wanazaliana vizuri kati ya nyuzi 20 na 45 na ugonjwa wake unashambulia mapafu. Nyuzi 60 ndani ya tangi ndo salama. Kwa kuwa maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache tu, nyumba yenye watoto au wazee weka valvu ya kuchanganya pale maji yanapotoka ili bombani yafike ya kiasi.

Boila ya gesi

Kwenye gesi kanuni ni ileile ila badala ya kuangalia tangi tu unaangalia na kibadilisha joto, kile chuma ambacho moto unapita upande mmoja na maji upande mwingine. Kikipata ufa, kubadilisha ni kazi kubwa na kwenye boila iliyozeeka mara nyingi haifai. Hoja ya matumizi hapa ni ya kweli, boila za gesi za zamani sana zilikuwa zinatumia asilimia 60 hadi 70 tu ya joto la gesi, linalobaki linapanda na moshi, wakati za sasa zinazopoza moshi wake zinapita asilimia 90. Kama mnapasha nyumba nzima kwa gesi tofauti hiyo inaonekana.

Lakini kuna jambo ambalo halihusu hela kabisa. Moto wa gesi unatakiwa uwe wa bluu na umetulia. Ukiwa wa njano unaoyumba, ukiona masizi kuzunguka boila, ukiona madirisha ya chumba hicho yanatoa jasho kila inapowaka, au watu wa humo ndani wanaumwa kichwa na kichefuchefu na wakitoka nje wanapata nafuu, zima, fungua madirisha, tokeni. Hiyo inaweza kuwa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na inaua watu usingizini. Usisubiri asubuhi, usijaribu kuangalia mwenyewe, ita fundi wa gesi aliyeidhinishwa. Na nyumba yoyote yenye boila ya gesi iwe na king'ora cha kaboni monoksidi hata kama boila ni mpya jana.

Hela sasa

Kipimo tunachotumia na wateja wetu ni hiki. Tangi limekufa, nunua, hamna hesabu. Tangi ni zima na boila haijafika nusu ya umri wake, tengeneza karibu chochote. Tangi ni zima lakini boila ni ya zamani, chukua gharama ya matengenezo yote, sio spea tu, na usafiri na ufundi, ikizidi nusu ya gharama ya mpya ikiwa imefungwa, tunakushauri uweke hiyo hela kwenye mpya. Nasisitiza ikiwa imefungwa, maana watu wanalinganisha bei ya matengenezo na bei ya boila iliyo dukani, wanasahau valvu, mabomba, na kazi.

Tofautisha pia kifaa kinachoisha kwa kawaida na boila inayochoka yote. Elementi ikiungua baada ya miaka 5 hiyo ni kawaida. Elementi, afu thamostati, afu gasketi, afu elementi tena, vyote ndani ya mwaka mmoja, hapo kuna kitu kinaviua, inaweza kuwa maji, inaweza kuwa umeme unaopanda na kushuka, inaweza kuwa presha, na ukifunga boila mpya bila kukitafuta hicho kitu nayo itauliwa vilevile. Mteja wa namna hiyo tunampimia presha ya maji na waya za umeme kabla hatujamuuzia chochote.

Ukiamua kununua, simamia mambo machache wakati wa kufunga. Valvu ya usalama iwe mpya, usikubali ya zamani ihamishwe. Bomba la shaba lisiungwe moja kwa moja na mdomo wa chuma wa tangi, iwekwe yunioni ya kutenganisha metali, vinginevyo kutu inaanzia hapohapo. Chini ya boila, au juu kama fimbo iko juu, iachwe nafasi ya kuchomoa fimbo ya anodi, tumeona boila nzuri kabisa zimebanwa kwenye kona hadi huwezi kuifikia fimbo bila kuing'oa boila nzima ukutani. Na umeme usiwashwe mpaka ufungue koki ya moto na maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, elementi ikiwaka kwenye tangi lisilojaa inaungua muda huohuo na waranti hailipi. Siku hiyohiyo andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye bati, na chini yake andika tarehe ya kukagua fimbo.

Ukitaka tukushauri kabla hatujaja, tutumie ujumbe wenye picha ya lebo nzima isomeke, picha ya chini ya boila ikionyesha maungio na valvu, na utuambie maji yanatokea wapi, breka inaruka mara moja ukiwasha au baada ya muda, maji ya moto yana rangi au harufu gani, na mara ya mwisho fimbo ilibadilishwa lini kama unakumbuka. Mara nyingi kwa hizo tu tunaweza kukuambia ni gasketi au ni tangi, na tukija tunakuja na spea inayohitajika. Kama breka imesharuka iache ilivyo usiirudishe kujaribu, na kama maji yanavuja funga koki ya kuingilia baridi kwenye boila kwanza, ndo utupigie.